Joho Lililofuliwa

Mwanangu Nasra,

Assalaam alaykum. Umekwenda Makunduchi kuwaaga shangazi zako, baba yako kakusindikiza, na nyumba imekuwa kimya hata nnasikia maji ya mfereji wa jirani yanavyodondoka. Nimeona nitumie nafasi hii, maana wewe ukiwepo hatuzungumzi, tunabishana. Mimi nikisema moja wewe unasema mbili, halafu tunacheka, na lile tulilotaka kusema linakwenda zake. Kwenye karatasi hutaweza kunikata maneno.

Sitakwambia habari za kula, wala za kulala, wala za kuswali. Hayo nimeyasema miaka yote mpaka yamekuchosha, na kama hayajaingia hadi leo basi hayataingia kwa barua. Nnataka kukujibu lile uliloniomba. Tangu wale wa Maskati walipokuita ukafanye kazi kwenye karakana yao ya mitindo, umeniomba joho la bibi yako ulichukue ukawaonyeshe, nami kila siku nakwambia "tutaona." Unanijua, nikisema tutaona ujue sijui nifanye nini. Kesho unaondoka na bado sijakujibu. Jibu lenyewe ni hili hapa, ila univumilie kidogo kabla sijalifikia.

Nianze na siku ile nilipokusikia unajizoeza. Nilikuwa jikoni nachagua mchele, wewe umo ukumbini na simu yako, unasema yale maneno utakayowaambia wakubwa wako wa huko watakapokuuliza juu ya koti lako. Lile koti lililokupa nafasi hii: refu, la kike, umelikata kwa mfano wa joho, kifua wazi, na chini kwenye pindo umetia ule ukanda mweusi wa kung'aa. Nikakusikia: "Ukanda huu ni mila ya kale ya Unguja. Ni alama ya mke anayemfuata mumewe nyuma kwa sitara na dua." Sauti yako nzuri, mashaallah, hata mimi nikataka kuamini. Nikauacha mchele nikakaa chini.

Nasra, mama, mila gani? Wewe na mimi na mtaa mzima tunajua ule ukanda umetoka wapi. Umetoka kwenye ndoo yangu ya kufulia.

Nilipokuchungulia uliona haya, ukaniambia, "Sasa mama, huko ntasemaje? Niseme mama yangu alikosea kufua?" Nami badala ya kukujibu nikakuuliza kama unataka chai. Wallahi, chai! Na nikwambie kilichonifunga mdomo: nilipenda. Nilipenda kusikia kosa langu limevishwa maneno mazuri kama kwamba nilikusudia. Tangu udogo wako umekisikia kisa kile kikisimuliwa kwenye maharusi, watu wanashika mbavu kwa kucheka, nawe unainamisha uso kwa ajili yangu. Kwa mara ya kwanza mtu kanipa heshima kwa jambo lile, na mtu huyo ni mwanangu. Ilinikaa moyoni vizuri kwa siku mbili tatu. Baadaye ikaanza kunikera.

Basi hebu nikusimulie mwenyewe, kwa sababu mtaani wanasimulia pale pa kuchekesha tu.

Joho lile lilikuwa la babu yangu mzaa mama. Unalijua lilivyo: rangi ya kahawa iliyokolea, sufu laini, zari ya dhahabu kutoka shingoni mpaka kifuani. Wakati huo watu wetu walikuwa na mashamba ya minazi na karafuu upande wa Mangapwani, na babu akilivaa siku za Idi na siku za kuitwa na wakubwa. Akipita barabarani, watu walijua ni nani kabla hajatoa salamu, na hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya joho. Halafu dunia ikageuka. Mashamba yakaondoka, na joho likawa nguo ambayo mtu hatoki nayo mlangoni. Bibi yako akalitia sandukuni chini ya mashuka. Hakulilia, lakini hakulitazama pia, miaka chungu nzima.

Nyumba ya pili kutoka yetu, vyumba vya chini, walikuwa wamepanga watu waliotoka bara. Kijana wao, Athumani, alikuwa hamali bandarini. Akaposa, akakubaliwa, siku ya harusi ikafika. Kanzu ameazima, kilemba ameazima, joho hana. Bibi yako akashuka ngazi nalo mkononi. Athumani alipoliona akarudi nyuma, akamwambia, "Bi Mkubwa, hili si la mtu kama mimi." Bibi yako akamjibu, "Sasa la nani? Aliyekuwa akilivaa kafa. Vaa, mtoto wa watu anakungoja."

Nimemuuliza mara nyingi kwa nini alifanya vile, na kila mara alinijibu kwamba lilikuwa linaliwa na nondo bure. Hakuwa mtu wa kueleza. Lakini kuanzia siku hiyo hakuna bwana harusi wa mtaa wetu aliyetoka bila joho lile. Wangazija walilivaa, Wamanga wa Omani walilivaa, watoto wa bara walilivaa, baba yako alilivaa. Nguo iliyotengenezwa kumwonyesha mtu mmoja kuwa si sawa na wenziwe ikawa inawapitia wote, mmoja baada ya mmoja. Likirudi, bibi yako alilianika kivulini, akalifukiza udi, akalikunja. Halifuliwi. Hilo hata mtoto mdogo alilijua.

Na mimi nililijua, usije ukanitetea. Nilikuwa ndio kwanza nimeolewa, nami nilikuwa na kiburi cha mwanamke kijana anayeona kila jambo la wazee ni uvivu uliopewa jina zuri. Kufukiza, kufukiza, nikisema, sabuni wanaiogopea nini? Bwana harusi mmoja akalirudisha limemwagikiwa mchuzi wa biriani kifuani. Bibi yako alikuwa matangani shamba. Nikachemsha maji, nikatia sabuni ya unga, nikalisugua kama sare ya skuli. Nilipolikamua nikaona limekuwa zito namna ya ajabu, nikajisifu moyoni kwamba uchafu ulikuwa mwingi. Nikalitundika juani.

Bibi yako aliporudi alilikuta uani kwenye kamba. Akaliteremsha taratibu, akanigeuza, akalipima mabegani mwangu. Likaniishia mapajani.

"Zuwena."

"Naam, mama."

"Nani anatahiriwa?"

Hapo ndipo watu wa mtaani wanapocheka, joho la bwana harusi kuwa la mtoto wa jando, na hapo ndipo hadithi yao inapokwisha. Mimi nililia, Nasra. Nililia mpaka kwikwi ikanishika, kwa sababu niliona nimekiua kitu cha watu wote, na nimekiua kwa kujifanya najua. Bibi yako alinitazama, akasema, "Harusi ya mtoto wa Bi Khadija ni Alkhamisi. Lia huku unashona."

Joho jingine la sufu ile tungelipata wapi? Hatukuwa na kitambaa cha rangi ile wala cha kuikaribia. Nilichokuwa nacho ni buibui langu jipya la kamba, satini nzuri ya kung'aa, baba yako alinipa katika vitu vya harusi na nilikuwa nimelivaa mara moja tu. Nikachukua mkasi. Bibi yako alifumua ubavuni na makwapani, tukatia vipande ndani pasipoonekana. Lakini urefu hauna mahali pa kujificha. Nikakata satini ukanda mpana, nikauzungusha chini pindo zima. Nilishona, nikafumua, nikashona tena, kwa sababu sufu iliyochemshwa haivutiki na satini inateleza, na moja ikivuta nyingine inakunja uso. Mwisho nikaona niache satini izidi kidogo, ijilegeze, isibanwe. Ikatulia. Ule mwendo wa pindo ambao wewe umeusifu kwenye michoro yako, kwamba ukitembea unachelewa kidogo halafu unafuata, umetoka hapo. Hakuna mke wala mume ndani yake, mwanangu, ni vitambaa viwili visivyopatana.

Alkhamisi bwana harusi akatoka. Mimi nilijificha nyuma ya dirisha nikingoja kicheko. Mtu akamuuliza ukanda ule ni wa nini. Yule kijana, Mungu amrehemu, hakujua lolote, akasema tu, "Ndio mtindo sasa." Basi, yakhe, ikawa mtindo. Mafundi wakaanza kutia ukanda kwenye majoho mapya. Alitoka mtu Ng'ambo huko akaja kubisha hodi kwetu, anataka kuona joho lenye ukanda mweusi apate kuiga. Alimuuliza bibi yako, naye akaninyooshea kidole: "Muulize fundi wake." Hakuwahi kuniambia kwamba amenisamehe. Alinikabidhi ufunguo wa sanduku, na huo ninao mpaka leo.

Kwa hiyo ukisema ukanda ule ni mila, hukukosea sana. Pametokea watu wanaoona joho bila ukanda halijakamilika. Lakini mila hiyo haina ukale wowote, na mama yake bado yu hai, miguu inamuuma, na hajui kufua sufu.

Nimekaa nikifikiri juu ya nguo zetu hizi tunazoziita za asili, moja moja. Buibui wazee wakisema lilikuja na watu wa Shihiri, huko Hadharamaut, na kabla yake bibi zetu walijitanda kanga na ukaya, kile kitambaa chepesi cha kichwani. Tukalichukua, tukalifunga kamba kichwani kwa namna yetu, tukasema ni la kwetu tangu na tangu. Mimi mwenyewe ndiye niliyekuwa wa mwanzo katika nyumba hii kuliacha, nikavaa abaya la Dubai lenye shanga mikononi, na bibi yako akaniambia nnang'ara kama duka. Nikamcheka kuwa mshamba. Leo wasichana wa umri wako wanayatafuta mabuibui ya kamba kwenye masanduku ya bibi zao, wayakate magauni ya harusini, na mimi ndiye mshamba. Kofia zetu za mkono, hizi za kutobolea, si ndizo hizo wanazovaa huko uendako? Na wapo huko wanaokiri kwamba zilitoka Unguja. Kanzu ilikuja kwetu, kofia ikaenda kwao. Hakuna aliyekaa akapanga. Mtu alihitaji, au alikosa kitambaa, au alitaka kumpendeza fulani, akakata.

Nilipoiona kazi yako mara ya kwanza, yale makoti yenye shingo ya kanzu na kishada kinachoning'inia, yanavaliwa na suruali, nilikwambia, "Hii nguo ya kiume au ya kike? Amua." Ukanuna wiki nzima. Sikukwambia kwamba baadaye nilikwenda Darajani nikamwona msichana kalivaa moja, anapita zake baina ya wauza samaki, kainua kichwa. Nilimfuata nyuma mpaka kwenye wauza viungo, nikitazama mabega yalivyokaa. Yamekaa barabara. Nilitaka kumsimamisha nimwambie huyo aliyelishona ni mwanangu. Nikaogopa ataniona nimepungukiwa na akili. Ilikuwa nikwambie wewe siku ile ile, na sikukwambia, sijui kwa nini. Mimi mwepesi wa kukosoa, kusifu kunanikwama kooni, na hilo nalo nimelirithi. Usilichukue na wewe.

Sasa sikiliza, kwa sababu hapa ndipo moyo wangu ulipo. Nnaogopa, Nasra. Siogopi kwamba utaumbuka, ingawa unawapelekea hadithi ya joho watu ambao joho ni lao, na mzee mmoja atakuuliza swali moja tu umalize maneno. Nnaogopa kwamba hutaumbuka. Wataamini, watakupigia makofi, na nguo ya pili watakuuliza tena, hii nayo maana yake nini? Itabidi utafute mila nyingine. Na ya tatu nyingine. Mwisho utakuwa unatafuta hadithi kwanza na kitambaa baadaye, na macho yako, yale macho yaliyoona pindo linachelewa wakati wengine wote wanaona ukanda tu, yatafanya uvivu. Mimi najua inavyokuwa mtu akijifanya anajua. Nilichemsha maji kwa kujifanya hivyo hivyo.

Utasema, mama, watanicheka. Wacha wacheke. Mimi nimechekwa zaidi ya nusu ya umri wangu na bado nnakula nnashiba. Na hao watakaocheka, mmoja wao atakusogelea baadaye akuulize, ulifanyaje satini isivute? Huyo ndiye wa kukaa naye karibu.

Sasa joho. Uliniambia Juma, mtoto wa Bi Tatu, anayelingoja kwa harusi yake, akodi jingine tu, majoho mapya yamejaa madukani. Ni kweli yamejaa. Lakini Bi Tatu ni binti wa yule Athumani hamali, na Juma ni mjukuu wake. Jana walikuja kulijaribu wakati wewe umekwenda kuchukua pasi yako ya kusafiria. Sikukwambia kwa sababu nilikuwa bado nasema tutaona. Juma kalivaa, kasimama mbele ya kioo, mrefu kama nguzo ya umeme, na joho linamwishia magotini hata na ukanda wangu. Bi Tatu akamzunguka, akasema, "Bi Zuwena, mwanangu kaazima la mdogo wake?" Tukacheka sote. Lakini nilimwona Juma anaipitisha mikono kwenye zari pole pole, na mama yake amegeukia dirishani anajifuta macho, na nikajua jibu langu. Joho hulichukui. Si langu nikupe. Bibi yako alipolishusha ngazi siku ile alilitoa kwa mtaa mzima moja kwa moja, na mimi nna ufunguo tu. Huko Maskati litatundikwa ukutani, watu watalipiga picha, na halitavaliwa tena na mtu anayetetemeka kwa kuoa.

Najua utakasirika. Kasirika, mama, ndege haiondoki mpaka mchana, una wakati.

Ukishamaliza kukasirika, nenda kwenye cherehani yangu. Joho liko pale. Nimelifumua pindo leo baada ya Adhuhuri. Juma anaoa Ijumaa na mtu mrefu vile anahitaji ukanda wa pili chini ya wangu. Mimi sitautia. Wangu niliutia kwa hofu, kwa kitambaa kilichokuwepo, nikijificha. Wewe tia wako ukiwa umesimama sawasawa na unajua unalolifanya. Chagua kitambaa chochote, rangi yoyote, hata ile nyekundu yako inayoniumiza macho. Sitasema neno, na nikisema nifukuze chumbani. Kama hutaki, niachie, nitaona la kufanya, wala sitakununia. Radhi zangu unazo ukishona na usiposhona. Nitakuwa na hamu nawe mpaka nitaona tabu kuingia jikoni, na hilo nalo bora nikuandikie, kwa mdomo halitatoka.

Ijumaa Juma atatoka nalo, wewe utakuwa mbali. Watu watanishika mkono mlangoni waniulize ule ukanda wa pili ni mila gani tena hiyo. Nitawaambia haina jina, ni mkono wa Nasra.

Mama yako,
Zuwena